Fosi auti si ubabe, na aliyekosea si mdogo wetu

Najua nimepotea humu karibu wiki mbili. Sikuwa naumwa, wala si mitihani, ingawa nayo inakuja mbio. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakwepa kuandika jambo moja, na kila nilipokaa niandike jambo lingine, mara chakula cha kantini, mara mwenzangu wa chumba na kukoroma kwake, mkono ulikataa. Leo nimeamua kulitoa. Litawaudhi watu wa timu, najua. Poa tu. Nikimaliza kuwaudhi ninyi nitajigeukia mimi mwenyewe, halafu tutakuwa sawa.

Kwa mlioko nyumbani ambao hamna habari: huku chuoni tuna timu ya softiboli. Ndiyo, sisi. Wabongo watano, Wakenya watatu, Mrundi mmoja, Mkongomani mmoja wa Goma ambaye ndiye mpigaji wetu hatari, na Wamarekani wawili walioingia kwa sababu wanakaa chumba kimoja na wetu. Wavulana na wasichana pamoja. Ni ligi ya ndani ya chuo, ya kujifurahisha, hakuna kombe la maana, ukishinda unapewa fulana. Lakini mnajua sisi. Fulana yenyewe tumeitolea jasho kama tunaenda Olimpiki.

Softiboli ni mdogo wake beisiboli. Mpira ni mkubwa zaidi, unarushwa kwa mkono wa chini, na kwenye ligi yetu unarushwa taratibu unapanda juu kisha unashuka. Ulizaliwa Chicago mwaka 1887, sikukuu ya Shukrani, ndani ya ukumbi wa klabu ya wapiga makasia. Wanaume wazima wamekaa wanasubiri matokeo ya mechi ya Yale na Harvard, mmoja akarusha glovu ya ndondi, mwingine akaipiga kwa mpini, basi wakaifunga ile glovu ikawa mpira na mchezo ukaanza. Nawaambia haya kwa sababu kuna watu kwenye timu yetu wanauongelea mchezo huu kana kwamba sheria zake zilishuka kutoka mlimani. Jamani, ulianza kwa glovu na mpini. Hauwezi kutushinda akili.

Uwanja una vituo vinne: cha kwanza, cha pili, cha tatu, na nyumbani. Ukipiga mpira unakimbia kuzunguka, ukirudi nyumbani salama timu inapata pointi. Wanaozuia wakitoa watu watatu, mnabadilishana. Hayo yanatosha.

Sasa kisa.

Ilikuwa nusu fainali, Alhamisi jioni, taa zimeshawashwa na upepo wa Aprili unakata masikio. Zamu ya saba, ya mwisho. Sisi tunaongoza 9 kwa 8. Wao wanapiga, sisi tunazuia. Mtu wao mmoja ameshatolewa. Wana wakimbiaji wawili, mmoja kituo cha kwanza na mwingine kituo cha pili. Mimi nalinda cha pili. Kituo cha kwanza analinda mdogo wetu, yule dada wa mwaka wa kwanza. Jina silitaji, ametajwa vya kutosha.

Mpigaji wao akapiga mpira wa chini, ukaviringika moja kwa moja kwa mdogo wetu. Akaudaka safi. Akakanyaga kituo chake. Mpigaji auti, ya pili hiyo. Kisha, bila hata kupumua, akanirushia mimi. Mpira ukafika kabla ya mkimbiaji. Mguu wangu juu ya kituo, mpira ndani ya glovu, mkimbiaji bado hatua mbili nzima. Nikanyanyua mikono juu. Auti ya tatu! Tumeingia fainali!

Watu wakanirukia. Mrundi wetu akapanda mgongoni kwangu. Mkongomani akavua kofia akaitupa. Mdogo wetu alikuwa anakuja mbio anacheka mpaka machozi.

Mkimbiaji niliyedhani nimemtoa alikuwa amesimama juu ya kituo cha pili, ananitazama kama mtu anavyomtazama mlevi. Pembeni mwamuzi ametandaza mikono pande mbili, maana yake huyu yuko salama. Sisi hakuna aliyemwona mwamuzi. Mwenzake, aliyetoka kituo cha pili, alikuwa ameshafika cha tatu. Akasikia wenzake wanampigia kelele, akaendelea hadi nyumbani. 9 kwa 9. Huyu wa pembeni yangu naye akachomoka. Mimi nikiwa na mtu mgongoni na mpira bado ndani ya glovu yangu, akazunguka akamaliza. 10 kwa 9.

Tulifungwa huku tumekumbatiana. Kha!

Nilimfuata mwamuzi. Ni mwanafunzi kama sisi, wa mwaka wa pili, analipwa kwa saa. Nikampigia kelele: ni fosi auti! Nimekanyaga! Akaniambia kwa upole kabisa: fosi haipo tena, ulitakiwa umguse. Nikamwambia hajui kazi. Nasikia aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyosema.

Usiku kwenye kundi la WhatsApp la timu, mnakumbuka wenyewe. Haikupita nusu saa hukumu ikawa imeshatoka: kosa la mdogo wetu. Eti angenirushia mimi kwanza, asingekanyaga kituo chake. Eti amechanganyikiwa. Eti alidhani anacheza rede. Zikaja picha, zikaja stika, kaka mmoja akaandika kwamba wasichana wawekwe mbali na mpira zamu za mwisho. Watu wakacheka kwa vikatuni ishirini. Saa tano kasoro mdogo wetu akatoka kwenye kundi. Hajaja mazoezini tangu siku ile, na juzi maktaba aliniona akabadilisha njia.

Mimi sikuandika neno. Nilisoma kila ujumbe na nikanyamaza, kwa sababu kila walipokuwa wanamtaja yeye hawakuwa wananitaja mimi.

Basi leo naongea. Nimekaa na kitabu cha sheria siku tatu, na nawaambia hivi: mdogo wetu hakukosea hata kidogo. Aliyekosea ni aliyesimama kituo cha pili na mpira mkononi. Mimi. Na hili si suala la maoni, ni hesabu.

Tuanze na neno lenyewe, maana nadhani ndilo lililotuponza. Kwetu kufosi ni ubabe. Mtu anafosi mlango, anafosi urafiki. Kwa hiyo tukisikia fosi auti, kichwani tunaona mlinzi mwenye nguvu anamfosi mkimbiaji atoke. Si hivyo. Mlinzi hamfosi mtu. Anayefosi ni mpigaji, yaani mwenzao wao wenyewe. Akishapiga mpira chini lazima aende kituo cha kwanza, na kama pale pana mtu, huyo mtu hana tena haki ya kukaa. Anafoswa na mwenzake aondoke. Ukilishika hili umeshika sheria yote.

Fikiria benchi la zahanati. Wagonjwa wamekaa mstari, mwisho wa benchi ni mlango wa daktari. Mgonjwa mpya anakaa nafasi ya kwanza, na nafasi moja haikaliwi na watu wawili. Kama nafasi ya kwanza ina mtu, atasogea ya pili. Kama ya pili ina mtu, naye atasogea ya tatu. Msukumo unapita kutoka mmoja hadi mwingine mpaka ukutane na nafasi tupu, hapo unaishia. Aliye mbele ya nafasi tupu hasukumwi na mtu, anaweza kubaki amekaa anasoma gazeti lake.

Sasa yule mgonjwa mpya, kabla hajakaa, akighairi akaenda zake. Je, kuna mtu analazimika kusogea? Hakuna. Hata aliyekuwa ameshaanza kunyanyuka anaruhusiwa kurudi kukaa pale pale alipokuwa.

Ndiyo sheria nzima hiyo. Haina utata wa Kizungu wala wa Kichina. Mkimbiaji anapokuja kwenye kituo chako unajiuliza swali moja tu: huyu ana pa kurudi?

Kama hana pa kurudi, amefoswa. Kanyaga kituo ukiwa umeushika mpira, kabla hajafika. Inatosha. Huna haja ya kumgusa.

Kama anapo, hajafoswa. Kanyaga kituo mpaka kesho, yeye yuko salama. Lazima umguse kwa mpira, au kwa glovu yenye mpira ndani.

Tujaribu. Mkimbiaji yuko kituo cha kwanza peke yake, mpira umepigwa chini: hana pa kurudi, mpigaji anakuja pale. Fosi. Mkimbiaji yuko cha pili peke yake, cha kwanza kitupu: anapo pa kurudi, hakuna anayemsukuma. Akijaribu kwenda cha tatu, mguse. Wako cha kwanza na cha tatu: wa kwanza amefoswa, wa tatu hajafoswa, kwa sababu katikati yao kuna nafasi tupu. Vituo vyote vitatu vimejaa: wote wamefoswa, hata nyumbani unakanyaga tu.

Sasa rudini kwenye Alhamisi yetu. Wako cha kwanza na cha pili, mpira chini, wote wawili wamefoswa. Mpaka hapo sawa. Mdogo wetu akakanyaga kituo cha kwanza. Mpigaji akatoka. Yaani mgonjwa mpya ameondoka zahanati! Benchi limelegea. Kuanzia sekunde ile, yule aliyekuwa anakuja kwangu alikuwa na pa kurudi, maana kituo cha kwanza kimebaki kitupu na ni chake. Fosi imekufa. Mpira uliponifikia nilikuwa na nafasi ya hatua mbili nzima kumsubiri na kumgusa begani. Auti ya tatu, mchezo umekwisha, fainali. Badala yake nilikanyaga kituo nikanyanyua mikono kama mjinga.

Eti angenirushia kwanza. Ndiyo, angeweza. Mimi ningekanyaga wakati fosi bado hai, kisha nirudishe kituo cha kwanza kumuwahi mpigaji. Ni njia nzuri, na mara nyingi ndiyo rahisi. Lakini alikuwa hatua moja tu kutoka kituo chake na mpira mkononi. Alichagua auti ya uhakika kisha akanipa mimi nafasi ya nyingine. Wachezaji wa kulipwa hufanya hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba aliye kituo cha pili kwao anajua kwamba lazima aguse.

Na kwa wale mtakaokuja mbio kuniambia kwamba tayari mnaijua sheria, hebu jibuni hili. Mtu mmoja ametoka. Wana watu cha kwanza na cha tatu. Mpira unapigwa juu, mbali, unadakwa hewani. Auti ya pili. Wa cha tatu alisubiri mpaka mpira ulipoguswa ndipo akakimbia, akafika nyumbani. Wa cha kwanza aliondoka mapema, hakusubiri. Mlinzi anarusha kituo cha kwanza, wanakanyaga kabla hajarudi. Auti ya tatu. Je, ile pointi inahesabiwa?

Najua mmesema hapana, kwa sababu wamekanyaga kituo, na ikikanyagwa ni fosi, na fosi ikiwa auti ya tatu pointi hufutwa. Mmekosea. Mpira uliodakwa hewani umemtoa mpigaji, mgonjwa mpya hayupo, hakuna fosi popote uwanjani. Yule wa cha kwanza ametoka kwa sababu aliondoka kabla ya wakati, hilo ni kosa la aina nyingine kabisa, ingawa kwa macho linafanana. Kama mwenzake alifika nyumbani kabla ya auti ile, pointi ni halali. Lakini ingekuwa mpira wa chini na auti ya tatu ikawa ya fosi, au mpigaji kutolewa kabla ya kufika cha kwanza, basi hata kama mtu alishafika nyumbani akanywa na maji, pointi haipo. Mnaona? Anayekariri "kukanyaga" ataanguka hapa. Anayejua nani anamsukuma nani hataanguka.

Sasa nije kwenye visingizio, maana nimevisikia vyote.

Cha kwanza: "Ni mchezo wa burudani tu, sheria za nini?" Ndugu yangu, ingekuwa burudani tu usingetengeneza stika za mtoto wa watu saa nne usiku. Huwezi kuupuuza mchezo wakati wa kujifunza halafu uufanye mahakama wakati wa kulaumu. Chagua moja. Na tena burudani ndiyo inayohitaji sheria ieleweke, kwa sababu sisi hatuna kofia ngumu wala vikinga mwili. Mara ngapi tumeona mtu anamfukuza mkimbiaji amguse, wanagongana vifua, wakati alihitaji kukanyaga tu? Mwezi wa tatu mwenzetu aliteguka kidole kwa kugusa mtu aliyekuwa amefoswa. Wenye akili zao wamelifikiria hili. Ligi nyingi za burudani zimeweka kituo cha kwanza chenye pande mbili, upande wa mlinzi na upande wa mkimbiaji, ili watu wasigongane. Kutojua kunavunja vidole.

Cha pili: "Mwamuzi ndiye mwenye kujua, sisi tunacheza." Uongo. Mwamuzi anakuja na jibu baada ya tendo. Uamuzi wa kukanyaga au kugusa unafanya wewe, ndani ya sekunde moja. Kama jibu halimo kichwani mwako kabla mpira haujapigwa, umechelewa.

Cha tatu, ndicho kinachonikera kuliko vyote: "Kila mtu anajua, ni yeye tu." Nani anajua? Tulikuwa kumi uwanjani, na wote kumi tulirukaruka. Hakuna hata mmoja aliyepiga kelele "mguse!" Kumi hatujui, tukamchagua mmoja wa kubeba. Mnyonge hana haki, ndiyo tulichofanya. Na tulimchagua yule mdogo, mgeni, na msichana. Msinifanye niseme zaidi.

Kuna kisa cha zamani cha huku kinachofanana na hiki mpaka nilisisimka nilipokisoma. Ni cha beisiboli, lakini sheria ya fosi ni ile ile. Tarehe 23 Septemba 1908, New York, uwanja wa Polo Grounds, Giants wanacheza na Cubs wa Chicago. Zamu ya tisa, 1 kwa 1, wawili wameshatoka. Giants wana mtu kituo cha tatu, na kituo cha kwanza yuko kijana wa miaka 19 anaitwa Fred Merkle. Mwenzao Al Bridwell akapiga, wa cha tatu akaingia nyumbani, mashabiki wakavamia uwanja. Ushindi! Merkle alipoona hivyo hakumalizia kwenda kituo cha pili, akageuka akaenda zake chumba cha kubadilishia nguo. Johnny Evers wa Cubs akatafuta mpira katikati ya ule umati, akakanyaga kituo cha pili. Mwamuzi Hank O'Day akasema Merkle alikuwa amefoswa, hakufika, auti ya tatu, pointi imefutwa. Mechi ikahesabiwa sare. Timu hizo mbili zikamaliza msimu zikiwa sawa, wakarudia tarehe 8 Oktoba, Cubs wakashinda 4 kwa 2, na baadaye wakachukua ubingwa wa dunia.

Merkle akapewa jina la utani la Kichwa Mfupa, na jina hilo lilimfuata mpaka kufa kwake mwaka 1956. Alicheza ligi kuu miaka mingi baada ya siku ile, lakini waliomkumbuka walikumbuka zile hatua alizoacha kupiga.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo wacheka-watu huwa hawaisimulii. Siku zile ilikuwa desturi. Pointi ya ushindi ikiingia, wakimbiaji wengine walikuwa wanaondoka tu, na waamuzi walikuwa hawafuatilii. Tarehe 4 Septemba mwaka ule ule, kule Pittsburgh, Evers alidai auti ya namna hiyo hiyo, na mwamuzi alikuwa huyo huyo O'Day. Alikataliwa. Yaani siku 19 kabla, jambo lile lile lilipita. Merkle alifanya alichoona wakubwa wake wote wakifanya. Sheria ilikuwepo kitabuni, hakuna aliyemfundisha kwamba sasa itatumika. Kosa lilikuwa la wote, jina la utani likapewa mmoja. Hata kocha wake, John McGraw, ambaye hakuwa mtu mpole, hakumtupia lawama.

Mimi nasomea ualimu, mnajua. Muhula huu napelekwa shule moja ya hapa mara mbili kwa wiki, nakaa nyuma ya darasa la hesabu naangalia. Kuna mtoto mmoja hodari wa kanuni. Kugawanya sehemu: geuza, zidisha. Anaimba kabisa. Siku moja aligeuza sehemu ya kwanza badala ya ya pili. Nikamuuliza kwa nini unageuza? Akaniangalia kama nimemuuliza kwa nini jua ni la njano. Akasema, mwalimu alisema geuza. Nikaandika kwenye daftari langu, kwa mbwembwe, sentensi ndefu kuhusu hatari ya kukaririsha bila kueleza sababu. Mhadhiri akaniwekea alama ya vyema.

Jioni ya siku hiyo hiyo nilikwenda mazoezini. Na ni mimi, si mwingine, niliyepewa kazi ya kumfundisha mdogo wetu kituo cha kwanza. Mnajua nilimfundisha nini? "Ukipata mpira, kanyaga. Halafu rusha cha pili, nitakanyaga na mimi." Basi. Dakika mbili. Aliniuliza, kaka, kwa nini mara nyingine wanagusa na mara nyingine wanakanyaga? Nikamwambia, utazoea.

Utazoea! Mwalimu mtarajiwa huyo. Swali lake lilikuwa ndiyo mchezo wote, na nililifukuza kama nzi kwa sababu jibu sikuwa nalo na sikutaka ajue kwamba sina. Alhamisi alifanya nilichomfundisha, neno kwa neno. Na mimi nikafanya nilichojifundisha. Kwa hiyo mkitafuta mwenye jina la Kichwa Mfupa kwenye timu yetu, anawaandikia hapa.

Sitaki mnijibu kwamba "yameisha, tusonge mbele". Hayajaisha kwa aliyebadilisha njia maktaba. Nataka mambo mawili. Moja, wote walioandika kwenye kundi siku ile waandike tena kwenye kundi hilo hilo, kwa majina yao, kwamba walikosea kuhusu sheria na walikosea kuhusu yeye. Msiniambie mtamwomba radhi pembeni. Mlimsema mbele za watu. Mimi nimeanza: kabla ya kuandika hapa nilimtumia ujumbe wa kumwomba radhi, na nimemwambia nitayaandika haya. Amejibu kwa neno moja, "sawa". Sijui sawa ya namna gani. Nimeistahili.

Mbili, Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa uwanja wa nyuma ya mabweni na benchi. Benchi kweli, nimeshaomba la kantini. Tutakaa juu yake, tutasogezana mpaka kila mmoja aweze kuniambia nani anamfosi nani, na fosi inakufa saa ngapi. Asiyekuja asinirushie mpira msimu ujao. Chai nitaleta.

Na mdogo wangu, kama unasoma: kituo cha kwanza bado ni chako. Ulikanyaga sawasawa.

Naomba kuwasilisha.